Punda akifunzwa vizuri, mtoto yuko salama

Kiangazi kikikolea Tabora, kazi ya punda huongezeka. Mahindi yameshaingia ndani, visima vya karibu vinaanza kukauka, na safari za maji zinakuwa ndefu. Kuanzia Igunga na Nzega hadi vijiji vya Uyui na Sikonge, asubuhi huanza kwa madumu kugongana kwenye mkokoteni. Mbele ya punda, mara nyingi, yuko mtoto ameshika kamba.

Familia nyingi hununua punda leo, humfunga mkokoteni kesho, na keshokutwa humkabidhi mtoto wa darasa la tano. Punda huyo hajafundishwa kusimama kwa neno. Hajui kukata kona akiwa na mzigo. Wakifika kwenye mteremko wa korongo, mkokoteni unamsukuma kwa nyuma, anashtuka na kutimua mbio. Mtoto aliyejizungushia kamba mkononi anaburutwa. Jioni watu wazima husema punda ni mkaidi au mtoto ni mzembe, kumbe hakuna aliyemfunza punda, na hakuna aliyemfunza mtoto.

Kumfunza punda hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kamba ya mita 5, vijiti vitano, uwanja wenye mchanga na dakika 15 za asubuhi kabla jua halijawa kali. Kiangazi ndicho kipindi chake, kabla mvua za Novemba hazijaleta kilimo na haraka zake.

Njia ya misafara na funzo lake

Wenye farasi wana shule za kumlainisha mnyama viungo, za kumfundisha kugeuka pande zote mbili na kubadili mwendo bila kushtuka. Tabora haina desturi hiyo, na sababu yake ni mbung'o. Inzi huyu wa misitu ya miyombo hueneza vimelea vya ugonjwa wa ndorobo, ambao farasi huuhimili kwa shida sana.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, alikuwa na farasi 2 na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema, hata kabla ya kuvuka Ugogo. Punda nao walipungua njiani kwa maradhi, tope na mizigo mizito. Miaka 14 kabla yake, Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, baada ya kupoteza punda wengi vivyo hivyo. Kilichovusha bidhaa kati ya pwani na Ujiji kilikuwa mabega ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mbele, kila mmoja na mzigo wa takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mabega hayo yalipumzika, ila safari fupi za kisimani, shambani na sokoni zilibaki.

Safari hizo ndizo zilizomwachia punda kazi. Yeye hustahimili ukame na malisho hafifu kuliko farasi, ingawa naye huugua ndorobo. Punda anayekonda huku anakula, mwenye homa za kwenda na kurudi, aonwe na afisa mifugo wa kata kabla ya kufundishwa chochote.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwamba wazee wa pwani waliujua mwendo wa punda. Mwendo wake wa kutembea haraka bila kukimbia huitwa telki. Mbio ndogo za kudundadunda huitwa matiti. Mbio kamili ni shoti. Mpanda punda wa Unguja alijua tofauti ya mwendo mmoja na mwingine, na alimtaka mnyama wake apite kutoka huu kwenda ule bila kumrusha. Maneno hayo yanafaa kurudishwa mdomoni mwa watoto wa leo, kwa sababu mazoezi yote hapa chini yanahusu jambo hilohilo: kuanza, kuongeza, kupunguza, kugeuka na kusimama.

Ukaidi au tahadhari?

Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama kwanza. Hukaza miguu, husimamisha masikio, na kutafakari. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo anapogoma kuvuka daraja la magogo au dimbwi jipya, huenda anapima hatari ambayo binadamu hajaiona.

Fimbo haimwondolei hofu hiyo, bali humwongezea. Kesho akifika mahali pale pale atakumbuka daraja na atakumbuka fimbo, na punda ana kumbukumbu ndefu. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kuhusu ufundi wa farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisisitiza kwamba mtu asimwendee mnyama akiwa na hasira. Kanuni hiyo haijazeeka, na inamhusu punda wa Nzega kama ilivyomhusu farasi wa Athens.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kumwita punda mkaidi. Asiyetaka kugeukia kushoto huenda ana kidonda begani, kwato iliyopasuka, au maumivu ya mgongo. Kwa hiyo kila asubuhi ianze kwa ukaguzi: mkono upite shingoni, begani, mgongoni na miguuni, na kila kwato iinuliwe na kutolewa mawe. Penye joto, uvimbe au kidonda, siku hiyo ni ya mapumziko na matibabu.

Wiki ya kwanza: kuanza na kusimama

Somo la kwanza ni la mtu mzima na punda, bila mkokoteni wala mzigo. Mtoto atazame kwa mbali kidogo. Kama nyumba ina punda wawili, mwenzake afungwe karibu, kwa sababu punda aliye peke yake hukosa utulivu.

Nyumba nzima ikubaliane maneno machache na isiyabadilishe: "twende", "taratibu", "simama", "rudi". Baba akisema "simama", mama "tulia" na kaka "wee!", punda hatajifunza neno hata moja.

Mzazi asimame ubavuni, usawa wa shingo ya punda. Aseme "twende", kisha avute kamba kidogo kuelekea mbele. Punda akinyanyua mguu tu, kamba ilegezwe palepale, kwa sababu huko kulegea ndiko kunakomwambia mnyama kwamba amepatia. Baada ya hatua kumi, aseme "simama", naye mwenyewe asimame, na kama punda hajasikia amvute kidogo kurudi nyuma na kulegeza. Wahesabu hadi tano wakiwa wametulia, kisha waanze tena.

Neno litangulie na kamba ifuate. Wengi hukosea kwa kuanza kuvuta huku wakisema, na punda huzoea kungoja kuvutwa. Baada ya siku nne au tano za kurudia bila papara, punda wengi husimama kwa neno peke yake. Hapo mzazi abadilishe hesabu: hatua tatu kisha simama, hatua kumi na tano kisha simama, ili mnyama asikilize badala ya kukariri.

Wiki ya pili: kulainisha shingo na mbavu

Kila punda ana upande wake mwepesi, kama mtu anavyotumia mkono wa kulia zaidi. Punda anayebeba mzigo uliolemea upande mmoja, au anayevutwa na mtu wa upande uleule kila siku, hukakamaa zaidi. Akiwa kwenye mkokoteni hugeuka kama gogo: shingo imenyooka, kifua kinasukuma nje, na gurudumu linapanda ukingo.

Zoezi la kwanza hufanyika akiwa amesimama. Mzazi asimame usawa wa bega, avute kamba kidogo kuelekea kwake mpaka pua ya punda igeuke kiasi, kisha alegeze. Mara tatu kulia, mara tatu kushoto. Si tendo la nguvu. Punda akikaza shingo, mkono ubaki palepale bila kuongeza mvuto, hadi atakapolegea mwenyewe.

Zoezi la pili ni duara. Mtu asimame katikati ameshika kamba ya mita 5, na punda atembee kumzunguka, kwa mduara wa mita 10 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Mizunguko mitatu kulia, mitatu kushoto, kwa mwendo wa kawaida. Aanzie upande ulio mwepesi ili apate moyo, ndipo aende upande mgumu. Mduara usiwe mdogo kuliko hapo kwa mnyama anayeanza, maana utambana viungo vya miguu.

Mchanga wa Tabora ni mwalimu wa bure katika zoezi hili. Punda akishapita, mzazi na mtoto wainame watazame nyayo. Punda aliyelainika huufuata mduara kwa mwili wote, na kwato za nyuma hufuata njia ya kwato za mbele. Nyayo za nyuma zikitoka nje ya mduara, bado anageuka kama gogo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuisoma alama hiyo, na atafurahi kuisoma kila siku kuona maendeleo.

Zoezi la tatu watoto hulipenda kuliko yote. Vijiti vitano vichomekwe kwa mstari, hatua tatu au nne za mtu mzima kati ya kijiti na kijiti, na punda apitishwe katikati yake kama nyoka anavyojikunja. Kulia, kushoto, kulia. Kila mgeuko unamlazimu kulegeza upande mmoja na kunyoosha mwingine, na hayo ndiyo mazoezi ya viungo yenyewe.

Wiki ya tatu: kubadili mwendo

Sasa punda anasimama kwa neno na anageuka pande zote. Kilichobaki ni kuongeza na kupunguza bila kishindo. Kwenye njia iliyonyooka, mzazi atembee naye polepole hatua ishirini, kisha arefushe hatua zake mwenyewe na kusema "twende" kwa sauti ya uchangamfu hadi punda aingie telki. Hatua ishirini za telki, halafu "taratibu", arudi kwenye mwendo wa kawaida. Hatua kumi, halafu "simama".

Matiti yajaribiwe kwa hatua chache tu, bila mzigo, mahali tambarare, na mtu mzima ndiye ashike kamba. Lengo si mbio. Lengo ni kwamba punda akishtuka siku moja na kuingia matiti, ajue kwamba baada ya neno "taratibu" kuna mwendo mwingine wa kurudia. Punda anayejua kukimbia bila kujua kupunguza ndiye anayepindua mkokoteni.

Wiki hii pia iongezwe kurudi nyuma, hatua mbili tu, kwa neno "rudi" na kusukuma kidogo kifuani kwa kiganja. Kurudi nyuma humfundisha kuweka uzito kwenye miguu ya nyuma, na uzito huo ndio breki yake kwenye mteremko. Na miti minne mikavu ilazwe chini, umbali wa hatua moja ya punda baina yake, apite polepole akiinua miguu. Akigonga miti mara kwa mara, nafasi irekebishwe kwanza kabla ya kumlaumu.

Kipindi kisizidi dakika 15 hadi 20, na kiishie kwenye jambo ambalo punda amelipatia. Baada ya hapo maji, kukunwa shingoni, na malisho.

Wiki ya nne: mkokoteni

Kabla ya mkokoteni, punda avute kitu chepesi chenye kelele kidogo, kama tairi kuukuu, mtu mmoja akiwa kichwani na mwingine nyuma pembeni. Akizoea sauti inayomfuata, ndipo afungwe mkokoteni mtupu, na mazoezi yaleyale yarudiwe: kuanza, kusimama, duara kubwa, telki, taratibu.

Hapa vifaa vina uzito kuliko maneno. Nira ya ng'ombe haimfai punda. Ng'ombe ana nundu ya kuisukuma nira, punda hana, na mti huo humchubua shingo na mabega. Punda huvuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, upana wa kiganja cha mtu mzima, uliofunikwa kitambaa laini, ukae chini ya koo asikabwe na juu ya maungio ya bega asizuiwe hatua. Kamba nyembamba ya katani au waya ni kidonda kinachosubiri siku yake.

Mkanda wa pili husahaulika karibu kila mahali: ule unaopita nyuma ya mapaja, chini ya mkia. Bila huo, punda hana namna ya kuuzuia mkokoteni. Anaposikia "simama" anasimama, lakini madumu yenye mamia ya kilo za maji yanaendelea kuja na kumgonga miguu ya nyuma. Atajifunza haraka kwamba kusimama kunaumiza, na mafunzo ya wiki tatu yatakuwa yamepotea kwa kukosa mkanda mmoja. Fundi viatu au fundi turubai wa sokoni anaweza kuushona kwa mpira wa tairi uliozungushiwa kitambaa.

Mtoto aanze lini?

Punda naye ana umri wake. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli kwamba mwanapunda anaweza kuzoeshwa kamba, kuguswa na kuinuliwa kwato akiwa mdogo. Mzigo ni habari nyingine. Mifupa yake haijakomaa kabla ya miaka mitatu au minne, na anayebebeshwa mapema huzeeka mapema. Akitunzwa, punda anaweza kuishi miaka zaidi ya 25, maana yake anaweza kumlea mtoto hadi mtoto huyo apate watoto wake.

Kwa mtoto wa binadamu, hatua ziwe hivi. Mdogo wa chini ya miaka minane amsugue na kumlisha akiwa na mtu mzima. Wa miaka tisa hadi kumi na moja asome nyayo, apange vijiti, na ashike kamba katika somo la kusimama, mzazi akiwa ubavuni. Kuanzia miaka kumi na mbili anaweza kuongoza duara na nyoka. Mkokoteni wenye mzigo barabarani ubaki kwa mtu mkubwa, au kijana aliyeonekana kwa macho kwamba punda anamsikiliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi zenye kumdhuru, na safari ya maji inayomlaza mtoto nje ya darasa ni madhara hata kama hakuvunjika mfupa.

Kanuni chache hazina mjadala. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni, ikunjwe na kushikwa kiganjani. Mtoto asisimame nyuma ya punda. Asikae kwenye miti ya mkokoteni wakati unatembea. Avae viatu. Punda akitimka, kamba iachiwe, maana punda atapatikana jioni.

Fimbo inafundisha nani?

Msemo unasema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kwa hesabu za leo hiyo ni hasara. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Mahitaji ya ngozi ya punda kutoka China, inayochemshwa kutengeneza dawa ya asili, yalipunguza wanyama hawa katika nchi nyingi za Afrika. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukapitisha marufuku ya biashara ya ngozi hizo Februari 2024. Mfugaji anayesema "akifa nitanunua mwingine" atamtafuta huyo mwingine kwa tabu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamkataza kumtesa aliyenaye.

Lakini iko hasara nyingine isiyopimwa kwa bei. Mtoto anayemwona mzazi akimcharaza punda kwa kutoelewa, anajifunza kwamba asiyeelewa hupigwa. Atalipeleka somo hilo kwa mdogo wake, shuleni, na baadaye nyumbani kwake. Mtoto aliyekaa wiki nne akingoja shingo ya punda ilegee yenyewe anajifunza kitu tofauti: kusema neno moja kwa sauti ileile, kulegeza mkono mara tu mwenzake anapojaribu, na kuanza upya kesho bila kinyongo.

Wengi pia husema shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi teke hilo lina kidonda nyuma yake, au mkanda uliokosekana, au somo ambalo halikutolewa. Mzazi mwenye punda uani anaweza kuanza kesho alfajiri, na hatua kumi na neno moja: simama.